Kawa ya Bi Mize

Apeni kwanza: haya hayatoki nje ya mkeka huu. Mmeapa? Vizuri. Mimi sikuapa, basi nasema.

Bi Mize alikuwa na mwana, Makame, miguu haikumbeba na udenda haukumkauka. Alimpenda, lakini wageni wakija aliona haya. Zimwi la kisimani likampa kawa ya ukindu, ya kufunikia chakula.

"Ukimfunika haonekani. Lakini kila ukimfunika, atapungua."

Wakaja majirani, akamfunika. Mtoto akatoka kimo cha mtungi. Wakaja watu wa posa ya dada yake Makame, akamfunika. Akatoka kimo cha kata. Bi Mize akalia, akajiapiza hamfuniki tena. Siku ya harusi, wakwe walipopiga hodi, mkono ukamtangulia. Akamfunika, akamsogeza kando ya sahani za pilau.

Wifi yake, mlafi yule, akaifuata kawa. Bi Mize akaikandamiza kwa mikono miwili.

"Hiyo usiifunue, wifi!"

"Ala! Mapaja ya kuku mnatuficha?"

Akaivuta, harusi nzima ikitazama. Bi Mize akabaki kashika ukingo wa kawa. Chini yake Makame, kimo cha kijiko, akamtabasamia.

"Mama, wageni wameshaondoka?"