Nguchiro na Kilio cha Mji wa Ndovu

Hapo zamani za kale, na ninaposema kale msidhani ni ule mwaka bibi yenu alipong'oka jino, ni kale kwelikweli, wanyama walikuwa na nyumba, na majirani, na maneno ya majirani. Kaeni vizuri basi. Wewe mwenye muwa, tafuna polepole, unanipotezea mwanzo.

Palikuwa na Nguchiro. Mdogo wa mwili, mwepesi wa miguu, na mdomo, aa, mdomo ule haukuwahi kumlaza njaa. Aliishi na mama yake katika kichuguu walichokihama mchwa. Mama mtu macho yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Kwanza alishindwa kumwona nyoka akiwa mbali. Kisha akashindwa kumwona akiwa karibu, na kwa nguchiro hilo si jambo la kucheka.

"Mwanangu," akasema siku moja, "leo nimeuamkia mzizi nikidhani ni mjomba wako."

"Ukaitikia?"

"Haukuitikia. Ndiyo maana nikazidi kudhani ni mjomba wako."

Walicheka wote wawili. Lakini Nguchiro alitoka nje akakaa peke yake, na moyo ulimuuma sana.

Dawa ya ukungu ule ilikuwa moja, na mwenye nayo mmoja: Korongo, tabibu wa macho, aliyekaa Mji wa Ndovu, huko nyuma ya milima, nchi ya watu. Na mji ule, wanangu, ulikuwa ghali. Ndovu ni wakubwa, basi kila kitu bei yake ilikuwa ya ukubwa wao. Ukitaka maji, unauziwa pipa. Ukitaka kulala, unapangishwa kitanda cha ndovu, hata kama wewe utajikunja kwenye pembe ya mto ukaliacha godoro lote bure.

Nguchiro akauza mayai yote ya akiba, akapata simbi kumi na mbili, zile kauri zilizokuwa fedha za siku hizo. Kumi za dawa, maana Korongo hapunguzi. Mbili za njiani na za tumbo. Akazifunga kwenye pindo la shuka, akaubusu mkono wa mama yake, akashika njia. Siku tano, tepe tepe, zile mbili zikaishia njiani, mpaka akafika langoni, akamkuta Kifaru mlinzi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unakwenda wapi na shuka lako hilo?"

"Kwa tabibu Korongo."

"Zamu unayo?"

"Zamu?"

Kifaru akacheka kwa pua, fuu. "Korongo haonani na mtu bila zamu. Nenda kaandikishwe."

Akaenda, akaandikishwa. Zamu yake ikawa asubuhi ya siku ya nne. Na akaambiwa wazi: ukiitwa mara tatu usionekane, unarudishwa mwisho, na mwisho ni baada ya masika. Macho ya mama yake hayakuwa na masika nyingine ndani yake, na Nguchiro alilijua hilo.

Akaulizia kitanda. Simbi nne kwa siku. Akaulizia kitanda kidogo. Wakamwonyesha kilekile. Akaona heri akae chini ya mti afikiri, na hata hajakunja miguu vizuri, Twiga akamwinamia kutoka juu.

"Kivuli hicho ni cha kulipia, ndugu."

"Nimekaa tu, kaka."

"Hicho ndicho kinacholipiwa, kukaa."

Basi akasimama, akatembea. Jua likamchoma utosini, tumbo likanguruma, na mkono haukutoka kwenye lile pindo. Akila, dawa inapungua. Akilala, dawa inapungua. Alikuwa katika hali hiyo pale pua yake ilipokamata harufu. Wali. Wali wa nazi, wa sufuria kubwa, na haukuwa mbali.

Akaifuata harufu mpaka kwenye nyumba moja kubwa. Lango wazi, mikeka imetandikwa uani, ndovu wengi wamesimama. Nje alikuwapo Swala anaosha masahani.

"Dada, hapa kuna harusi?"

"Msiba. Amefariki Bwana Mwinyikombo, mwenye nyumba."

"Na wanaoingia ni walioalikwa?"

Swala akamtazama juu mpaka chini. "Msiba una mwaliko? Kwenu hamkufunzwa?"

Nguchiro akajipiga kipaji cha uso. Ni kweli. Mahali popote duniani, anayekuja kulia hafukuzwi. Hupewa mkeka, hupewa sahani, na hakuna wa kumwuliza utaondoka lini. Akainama, akajipaka vumbi usoni, akaingia.

"Uwiii! Bwana Mwinyikombo! Umetuachia nani sisi wadogo!"

Akajitupa chini, puu. Akagaagaa, akalia kwi kwi kwi, kama kwao wanavyolia.

Uwanja mzima ukamshangaa. Hapo ndipo alipokosea, maana ndovu hawalii kwa sauti. Ndovu wakifiwa husimama kimya, wakayumba polepole, basi. Masikio yote makubwa yakamgeukia mdogo yule chini.

Mzee Faki, ndugu wa marehemu, akamwinamia. "Wewe ulimjua ndugu yangu?"

"Kumjua? Mwaka wa ukame nani aliyenishushia matunda, mzee wangu? Aliutikisa mti kwa bega lake hili hapa. Akaniambia, kula mwanangu, aliye juu amkumbuke aliye chini."

Ndovu wakatazamana. Hapakuwa na hata mmoja aliyekumbuka jambo kama hilo. Lakini kila mmoja alidhani ni yeye tu asiyelijua, na nani angekubali kuumbuka mbele ya mgeni, tena mgeni wa ukubwa wa kiatu? Mzee Faki akakohoa.

"Naam. Ndugu yangu alikuwa... alikuwa hivyo. Mpeni mgeni mkeka. Na chakula."

Ndivyo alivyokaa. Kila chakula kikiletwa, Nguchiro hutoa habari moja. Jinsi Mwinyikombo alivyomvusha mto kobe mzee. Jinsi alivyousubiri msafara wa siafu upite, asiukanyage. Nao ndovu, kwa kuona haya kushindwa na mpita njia, wakaanza kuongeza zao.

"Mimi pia," akasema mpwa mmoja, "aliwahi kunipisha njiani."

"Alikupisha?"

"Nusu ya njia. Lakini alinipisha."

Watoto wa marehemu, waliokuwa wamesimama pembeni vichwa chini, wakaanza kuinua vichwa. Mjane, Bi Mashavu, hakuuliza kitu. Siku ya kwanza alisikiliza akiwa mlangoni. Siku ya pili alikaa ukingoni mwa mkeka. Siku ya tatu alikaa karibu kabisa na Nguchiro, hata akasahau kula.

Na Nguchiro? Alikuwa ameshiba, amelala pazuri, na simbi zake kumi zimo pindoni salama. Akajisifu moyoni. Wakubwa wote hawa, akawaza, nimewaweka mfukoni na mfuko wenyewe sina.

Alasiri ya siku ya tatu, matanga yakianuliwa, Mzee Faki akasimama.

"Jamaa zangu, desturi yetu mnaijua. Aliyemlilia marehemu kuliko wote ndiye hukaa arobaini. Hatoki nje ya lango mpaka zitimie." Akamgeukia Nguchiro. "Na safari hii hatuna haja ya kubishana."

Nguchiro akalirudisha tonge sahanini. "Siku arobaini?"

"Arobaini. Na usiwe na wasiwasi, mwanangu, ni bure."

Vijana wawili wa kindovu wakaenda kusimama langoni, kwa heshima tu, lakini walilijaza lango lote. Zamu ya Korongo ilikuwa kesho. Akikaa, mama yake anapofuka. Akisema kweli, atakanyagwa, na aliyekanyagwa hapeleki dawa. Kwa mara ya kwanza maishani mwake mdomo ule haukuwa na la kumsaidia.

Kulipopambazuka alimkuta Bi Mashavu uani anapepeta mchele, peke yake. Akamsogelea.

"Mama, nina neno. Nikilisema utanirusha kwa mkonga mpaka kwetu."

"Kwenu ni mbali?"

"Siku tano."

"Basi utafika mapema. Sema."

"Sikumjua mumeo. Sikuwahi kumwona. Nilikosa pa kulala katika mji huu, na simbi nilizo nazo ni za dawa. Mama yangu anapofuka. Korongo ananiita asubuhi hii."

Bi Mashavu aliendelea kupepeta. "Najua."

"Unajua?"

"Tangu neno la kwanza. Mwinyikombo huyu, amtikisie mtu mti? Mwanangu, niliolewa naye nikiwa msichana. Tunda likianguka lenyewe alilikanyaga, mwingine asilile."

Nguchiro aliona haya mpaka mkiani. "Mbona hukunifukuza?"

"Nilitaka. Siku ile nilisimama mlangoni ili nikuite pembeni nikutoe. Kisha nikataka kusikia mwisho wa ile habari ya mti. Kesho yake nikangojea nyingine." Ungo ukatulia mikononi mwake. "Watu walikuja kunipa pole, hakuna aliyekuwa na la kusema juu yake. Walisimama tu. Wewe hujui ile aibu, kuzika mtu na wote wakose neno, na watoto wake wanawatazama."

"Nitakwenda kuwaambia kweli yote, mama. Hata wakinikanyaga."

"Thubutu. Ukiwaambia utamzika mara ya pili, na mara hii sina nguvu za kusimama. Nenda zako kwa Korongo. Arobaini nitaikaa mimi, na Faki nitamwambia nimekuruhusu ukamlilie kwenu."

Nguchiro alikuwa amejiandaa kupigwa. Kupigwa angejua la kufanya. Hili hakulijua. Mbali, barazani kwa Korongo, kengele ya zamu ikaanza kulia, ngo, ngo. Akageuka aende.

"Ngoja," Bi Mashavu akasema. "Kabla hujaenda, nipe moja. Ya mimi na yeye."

Kengele ililia tena. Nguchiro akatazama lango, akamtazama yule mama mkubwa na ungo wake. Akarudi, akakaa chini.

"Siku moja," akaanza, na sauti haikuwa ile ya uwanjani, "nilimkuta njiani anarudi mbio. Nikamwuliza, bwana, unaikimbia mvua? Akasema, siyo mvua. Nyumbani kuna mtu, nikichelewa hali mpaka nifike. Akasema, miaka yote hii sijamwambia ahsante. Sijui huwa inaanzaje."

Bi Mashavu alikuwa amefumba macho.

"Uongo huo," akasema.

"Uongo, mama."

"Haya. Endelea."

Akaendelea. Aliisimulia mpaka mwisho, hakuruka hata neno, na kengele ikilia vilevile. Kisha Bi Mashavu akawaashiria vijana langoni, wakasogea, Nguchiro akatimka, vumbi tifu, akafika barazani Korongo akilitaja jina lake mara ya tatu.

Dawa aliipata. Mama yake akapona macho, akamwona nyoka wa mbali na wa karibu. Lakini kila alipouliza, "Mwanangu, mji ghali kama ule ulilala kwa nani?", Nguchiro yule mwenye mdomo alijibu, "Kwa watu wema, mama," akanyamaza.

Haya, hadithi yangu imeishia hapo, nanyi mlale nalo hili: malazi ya bure hayapo, asiyelipa kwa mfuko hulipa kwa moyo.