Udi wa Mama Uozo

Ndugu waumini, kulikuwa na bwana mmoja, alikuwa anaoza binti yake. Akaenda kutafuta manukato kwa mama mmoja mjane, anayepika mwenyewe mafuta ya udi na kulea wanawe kwa kazi hiyo hiyo. Mama akampaka tone moja kwenye kifundo cha mkono.

Bwana hakungoja hata tone likauke. Akanusa, akakunja uso. Harufu tupu ya zizi la mbuzi.

"Baba, subiri kidogo," mama akamwambia. "Udi wa kweli huanza hivyo. Ngozi yako ikiupasha moto, utatulia."

Bwana akawageukia wateja wengine, akapaza sauti: "Jamani, mimi naoza binti, huyu ananiuzia kilichooza!"

Watu wakaangua kicheko. Akajiona hodari wa maneno, akaenda zake kifua mbele. Wateja nao wakatawanyika, na kabla ya adhuhuri mama wa watu ameshapewa jina mtaa mzima: Mama Uozo.

Adhuhuri ile ile bwana yuko msikitini. Ameuosha mkono kwa sabuni, ametawadha, na lile tone limeng'ang'ania. Swala ikaisha, akainua mikono kuomba dua. Loo, harufu gani hii? Tamu, nzito, imetulia, hajapata kunusa mfano wake. Akajua mara moja imetoka wapi, na moyo ukamsuta.

Jirani yake kwenye safu akamnong'oneza, "Mwenzangu, umejipaka nini leo?"

Sasa niambieni, alijibu nini? Alisema, "Ni udi wa yule mama niliyemtukana"? Thubutu. Alisema, "Ah, hii nimeletewa kutoka Maka." Msikitini, waumini, na mikono bado iko juu. Kisha akatokea mlango wa nyuma, maana njia ya mlango wa mbele ingempitisha kwa yule mama.

Mnacheka? Mimi nina hasira, kwa sababu bwana huyo ni sisi. Tunamnusa mtu mara moja, tunamtangaza mtaani. Tukija kujua kwamba tumemwonea, kimya. Kutukana tulitukana kwa kelele, kujuta tunajuta kimoyomoyo, na yeye anabaki na lile jina, wanawe wanazomewa kwalo. Mwenyezi Mungu atatusamehe ya kwake. Ya mama yule atayasamehe nani, kama si yeye mwenyewe?

Basi leo hakuna kutokea mlango wa nyuma. Na kabla hujainua mikono yako kuomba, inuse kwanza. Ina harufu ya nani?