Kwa Nini Barabara ya Korongoni Hukaguliwa na Mjamzito

Zamani, Mlole na Ivuga, nchi mbili zinazotazamana ng'ambo na ng'ambo ya korongo, zilikuwa na barabara moja na akili mbili. Mkitembea duniani mtakuta nchi ambazo barabara hushughulikiwa na mafundi wa serikali, na nyingine ambazo kazi hiyo ni ya wenye mashamba ya kando, na kila moja itawaambia kwamba utaratibu wake ndio wa haki. Mlole na Ivuga nazo ziliambiana hivyo hivyo.

Huko Mlole mtawala aliteua watu wa njia. Hawakuwa na kazi nyingine, na hawakugusa jembe bila amri. Kwa kuwa amri ilitoka barazani, barabara ya mbele ya baraza ilikuwa safi kama sakafu, lakini huko bondeni nyasi zilifika magotini na mvua ilishuka katikati ya njia kama mto. Huku Ivuga kila kaya ilitunza kipande cha mbele ya mlango wake, na kila kaya ilichimba mfereji wa kuyafukuza maji. Yalifukuzwa kwa jirani, naye jirani akayafukuza kwa mwenzake, mpaka yakafika korongoni yakiwa na nguvu za kutisha. Hapo pasipo na mlango wa mtu wala jicho la mtawala, barabara ililiwa kila masika.

Mbonea wa Ivuga alifiwa na mkewe hapo, akiwa katika uchungu wa kujifungua. Machela ilikuwa upande huu, mkunga yuko upande ule, na katikati maji. Mwanamke yule alimwachia binti mmoja, Nakijwa. Mbonea alimlea, na kipande chake cha barabara akakitunza kuliko mtu yeyote. Mfereji wake ndio uliokuwa mpana kuliko yote.

Miaka ikapita, Nakijwa akaolewa, akashika mimba. Uchungu ulimwanza masika. Machela ilipofika korongoni, barabara ilikuwa imekwisha kwenda na maji. Mtu mzima mwenye nguvu angeweza kuvuka akiwa ameshikwa mkono, machela haikuweza. Mbonea akapiga pembe ya msaragambo, ile ya kuwaita watu wote kwenye kazi ya pamoja.

Watu wa Ivuga wakakusanyika, na watu wa njia wa Mlole nao wakaja, majembe begani, wakasimama ng'ambo.

"Pole, Baba Nakijwa," akaita mkubwa wao, Sekiete. "Tumetuma mtu barazani kuomba amri."

"Itafika lini?"

"Mtawala akiamka."

Nyuma yao alikuwa amefika mkunga, bibi Nambike. "Sekiete," akasema, "mimi ndiye niliyekupokea ulipozaliwa, na ulikuja bila amri ya mtu. Shuka."

Watu wakacheka, hata Nakijwa kwenye machela. Sekiete akashuka, na wenzake wakamfuata.

Wakajaza mawe pande zote mbili, na maji yakayasomba. Wakajaza tena, yakasombwa. Sekiete akanyoosha mgongo, akatazama mteremko wa Ivuga. "Baba Nakijwa, usinichukie. Maji haya mengi yanatoka kwenye mfereji wako."

Mbonea akageuka. Kutoka aliposimama hakuona kitu. Lakini alipoutazama mteremko wa Mlole aliona wazi kila mahali palipobomoka. "Na yenu yanashuka njiani, juu ya lile jiwe jeusi," akasema. "Hamyaoni?"

Hawakuyaona.

"Basi anayeona ndiye atengeneze," akasema Mbonea. "Njooni kwangu, nasi tuje kwenu. Na mfereji wangu uzibeni."

"Maji yataingia ndani mwako."

"Uzibeni."

Wakavuka wakiwa wameshikana mikono. Watu wa Mlole wakauziba mfereji, na maji yakaingia nyumbani kwa Mbonea yakabomoa ukuta wa jikoni, kisha yakapotelea migombani. Watu wa Ivuga wakakata nyasi za Mlole, wakachimba mitaro ya kuyatoa maji njiani. Maji ya korongoni yakapungua. Mawe yakakaa, magogo yakalazwa juu yake, na machela ikavuka mabegani mwa watu wa nchi zote mbili.

Jioni Nambike akatoka nje ya nyumba yake. "Mtoto wa kike," akasema. "Na mama yake anataka uji."

Pembe zikalia pande zote mbili za korongo. Mbonea akakaa chini kwenye tope, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Wakati huo huo tarishi akaleta amri ya mtawala: barabara isiguswe mpaka mvua ikatike. Aliitangaza akiwa amesimama juu ya magogo mapya, na waliomsikia wakamkaribisha uji.

Na tangu masika yale, kila mwaka kabla ya mvua, Mlole hutengeneza upande wa Ivuga, na Ivuga hutengeneza upande wa Mlole, na mwenyeji hupika. Kazi ikiisha, hakuna mkubwa anayeipitisha. Huitwa mjamzito aliye karibu kujifungua, naye huvuka korongo peke yake, polepole. Akisema "Inapitika," pembe hupigwa. Akisema "Bado," mtawala mwenyewe hawezi kulitangua.

Mwaka huu mjamzito aliyeitwa alisema bado mara mbili, na wanaume wakanung'unika kwamba anadeka. Mara ya tatu alivuka akiimba.