Tisa Badala ya Kumi

Wapendwa, leo nataka kuwasimulia habari za fundi mmoja, na nitazisimulia kwa majivuno, mtanisamehe. Ni mfano tu, nimeutunga mwenyewe, lakini watu wa namna yake nawaona hapa kwenye mabenchi.

Kulikuwa na hospitali ya misheni huko milimani. Bingwa wa kichwa hawakuwa naye. Mtu akiumia kichwa wanampiga picha, picha zinatumwa kwa mtandao kwa bingwa aliyeko mjini, naye anasema: mpasueni, au msimguse. Mpaka aseme, mgonjwa anasubiri. Na laini ya mtandao ilikuwa moja, ina uwezo wa kutuma megabiti kumi kwa sekunde, wanagawana hospitali nzima. Nesi anarusha video ya kipaimara cha mwanawe, ofisi inatuma mafaili, simu mia mbili zinajihifadhia picha mtandaoni bila hata mwenyewe kujua.

Mlangoni pa mtandao huo palikuwa na kompyuta kuukuu inayoendeshwa kwa mfumo wa Linux, kila kinachotoka kinapita kwake. Fundi wa kompyuta, mama mmoja mpole, akaipanga: picha za wagonjwa zitangulie, kazi za ofisi zifuate, mengine yasubiri. Akarudi nyumbani anaimba. Kesho yake picha zikakwama vilevile.

Alikosea wapi? Ilimchukua siku mbili kugundua. Sheria zake zilikuwa sawa, ila aliiruhusu kompyuta itume kumi zote. Ukiijaza laini pomoni, foleni haikai tena kwako ulikopanga sheria. Inahamia kwenye kisanduku cha kampuni inayotuuzia mtandao, huko mbele, na kisanduku kile hakimjui mgonjwa wala kipaimara. Anayewahi ndiye anayepita. Basi akashusha kiwango: kompyuta isitume zaidi ya tisa.

Katibu wa hospitali akasikia, akaja amefura.

"Mama, tumepewa kumi. Nani kakuruhusu kuitupa moja?"

"Sijaitupa, mzee. Nimeiacha ili foleni ibaki mikononi mwetu."

"Watu wanalia njia nyembamba, wewe unaipunguza? Rudisha kumi sasa hivi."

Akarudisha. Mngefanyaje ninyi? Mkubwa ni mkubwa.

Siku hiyohiyo, saa tano asubuhi, akaletwa mwashi aliyeanguka kutoka ghorofa ya pili. Picha zikaanza kwenda. Dakika ishirini, hazijafika hata robo. Mke wake amekaa sakafuni pale koridoni, ameshika viatu vya mumewe, na katibu amesimama hapo kando yake. Fundi wetu akamtazama yule mke. Akaingia chumbani kwake, hakumwomba mtu ruhusa, akaandika tena tisa. Namwonea fahari mama huyu, nasema wazi.

Baada ya dakika nne picha zote zilikuwa mjini. Bingwa akapiga simu: mpasueni. Mwashi akapona. Katibu akamfuata fundi, sauti iko chini.

"Mama, umeongeza mpaka ngapi? Kumi na mbili?"

"Hapana, mzee. Ni ile tisa."

Sasa tuje kwetu sisi. Si ndio sisi tunaoulizwa habari za siku tunajibu kwa maringo, "Nimebanwa kweli kweli"? Jumatatu kwaya, Jumanne kamati ya ujenzi, Jumatano kikao cha kuandaa kikao. Tumejaa pomoni. Na ukishajaa hivyo, nani anaamua atangulie nani? Si wewe tena. Anayepiga kelele kwanza ndiye anayepita, na aliye kitandani hana sauti ya kupiga kelele.

Msidhani nawasema ninyi. Wiki iliyopita mzee wetu mmoja aliyelazwa alinipigia simu mara tatu. Mimi mchungaji wenu nilikuwa vikaoni. Nilifika jioni ya siku ya pili, nikamkuta mama mmoja wa usharika huu anamlisha uji. Alikuwa pale tangu jana yake. Ni mama ambaye kila mwaka tunampa kamati, kila mwaka anakataa, na hapahapa tumemsema kuwa ni mvivu. Nami nilimsema.

Sitamtaja jina, yupo nasi leo. Mkimtambua, mpeni mkono, mwambieni mchungaji anamwonea fahari. Halafu, ndugu zangu, nawaomba kwa jina la Bwana: msimpe kamati.