Kiboko, Pimbi na Tela la Maboga

"Hadithi yangu ina magurudumu!"
"Isukume ije!"
"Ina mlima mbele yake!"
"Itapanda!"

Zamani Kiboko alimchumbia binti wa mlimani. Mama wa binti alikwisha kuwakataa wachumba wawili kwa ulafi, na Kiboko alilijua tumbo lake. Basi akafunga tela nyuma ya pikapu yake, tela lenye kijumba, kitanda na pazia, akalijaza maboga mia moja. Mbele ya wakwe atakula vijiko vitatu tu, kwa heshima. Kisha atajifungia kwenye tela, ale mpaka basi.

Chini ya mlima, juu ya jiwe, alikaa Pimbi, mdogo kama sungura.

"Kaka Kiboko, nipe lifti."

"Wewe? Utanimalizia dizeli!"

Akakanyaga mafuta. Vruuum! Tela likayumba, kwata-kwata, kwata-kwata. Upepo ukakisukuma kijumba nyuma, yeye akazidi kukanyaga. Kona ya kwanza, mshale wa dizeli ukashuka. Kona ya pili, ukashuka. Kona ya tatu, kho, kho, kho! Pikapu ikagoma.

Pimbi, aliyepita njia ya mkato jiwe kwa jiwe, akatokea. Akachungulia kwenye pazia.

"Kaka, dizeli imebaki kidogo. Ukipunguza mwendo na mzigo, itafika."

"Nipunguze nini?"

"Maboga."

"Maboga? Na mbele ya wakwe nitakula vijiko vitatu tu! Bora nishuke mimi!"

"Haya, shuka," Pimbi akasema upesi. "Usukani nitashika mimi."

Kiboko akashuka. Pikapu ikapanda taratibu, tu-tu-tu, tu-tu-tu. Kiboko nyuma, jasho na vumbi, pwata, pwata, pwata.

Alipofika uani, mlango wa tela ulikuwa wazi. Ukoo mzima unatafuna maboga. Mama mkwe akapiga vigelegele.

"Karibu, baba! Pimbi ametueleza yote. Umetuletea chakula chote hiki, ukatembea kwa miguu ili kifike! Na kumbe wewe vijiko vitatu vinakutosha?"

Kiboko akafungua kinywa. Aseme maboga ni yake? Aseme alitaka kula kwa kujificha? Akafumba kinywa. Laiti wangemtukana! Kila "ahsante" ilimchoma usoni. Wakampa vijiko vitatu vya boga lake mwenyewe, akala akitazama miguu yake.

Tumbo likanguruma. Ngurrrr!

"Nini hicho?" mama mkwe akashtuka.

"Ni pikapu, mama," Pimbi akajibu, mashavu yamejaa. "Imeishiwa mafuta."

Kiboko akaozwa mke. Mpaka leo akienda ukweni hupimiwa vijiko vitatu, naye hushukuru bila kuinua macho.

Hadithi yangu imezima injini. Mwenye yake aiwashe. Na funzo ni hili: ukivuta tela mlimani, usimpe Pimbi lifti. Ni mzito mno.