Tausi wa Ubaoni

Hapo zamani, na si zamani ile ya majini na wafalme, zamani hii ya juzijuzi ambayo vumbi lake bado tunalo miguuni, palikuwa na mwanamke akiitwa Kidawa, fundi wa kusokota maputo katika mji mmoja wa pwani. Msidhani ni kazi ya kitoto. Puto lile jembamba refu ukilikosea kidogo linakupasukia usoni, ukaona nyota mchana. Mikononi mwa Kidawa lilikuwa linatii. Kwii, kwii, kwii, mbwa huyo. Kwii, kwii, kwii, upanga huo, na mtoto ameshauchomoa anamkimbiza dada yake. Watu waliapa kwamba mbwa wa Kidawa akiwekwa mlangoni, paka wa jirani hapiti.

Kila Idi watoto wakishavishwa nguo mpya, wakishapita kwa mashangazi na wajomba kupewa sikukuu yao, zile senti za Idi, walimiminika viwanjani penye mabembea, na kila mmoja alitaka puto. Kidawa alikaa juani. Hapo ndipo palipomuuma. Puto na jua havijawahi kupatana. Anasokota vizuri, mtoto anafika kwenye bembea, pwaa! Mama mtu anarudi mbio na kilio cha mwanawe mkononi.

"Umempa mwanangu puto bovu!"

"Dada, puto si bovu. Jua ndilo bovu."

Nani atamsikiliza?

Sasa pale langoni palikuwa na banda la bati lenye kivuli kizito. Mwenyewe amehama. Mwenyekiti wa kamati ya viwanja, Bi Siwazuri, mwanamke wa mwavuli mkononi na filimbi shingoni, alikuwa akipuliza filimbi hata kabla hajasema salamu. Akatangaza: "Banda la langoni nitampa mtu wa maputo, mradi foleni yake isinizibie lango kama Idi iliyopita. Litakuwa lake kila sikukuu. Na jina mlangoni litaandikwa moja tu!"

Jina moja, kwa sababu liliwahi kuwapo banda la majina mawili, la ndugu wa tumbo moja. Walipogombana wakaleta msumeno, wakalipasua katikati. Nusu ikawa nyumba ya kuku, na nusu ya pili mpaka leo watu wanaingia wakidhani ni choo.

Kidawa aliposikia habari ya banda, hakulala vizuri tena. Alijiona amekaa kivulini, maputo yake yamening'inia mazima, hakuna wa kumtukana. Lakini foleni je? Idi iliyopita lango lilizibwa kwa sababu kila mtoto aliagiza kilichomjia kichwani. "Nataka pikipiki." "Nataka babu." "Nataka babu yuko juu ya pikipiki." Mmoja alisema anataka mvua, na alipoambiwa haiwezekani akalala chini palepale, foleni nzima ikamzunguka kama maji yanavyozunguka jiwe.

Kidawa akaenda kwa wifi yake Mwanahawa, mama ntilie wa sokoni. Mwanahawa alimsikiliza bila kuacha kukoroga maharage.

"Wifi, kosa lako unawauliza wanataka nini. Mimi nikimuuliza mteja anataka nini, ataniambia swala wa kuchoma. Nitamtoa wapi swala? Mimi nina ubao. Wali, ugali, chapati, maharage. Mtu anatazama, anachagua, anakula, anaondoka. Kikiisha, nakifuta. Weka menyu."

"Menyu ya maputo?"

"Kwani maputo yana heshima gani ya kuyazidi maharage yangu?"

Wakakaa wawili, wakachagua. Mwanahawa aliteleka kikombe kimoja cha maji, Kidawa akaanza kusokota. Maji yakichemka kabla umbo halijakamilika, umbo linatupwa. Kwii, kwii, kwii, twiga akatupwa kwa ajili ya shingo. Kwii, kwii, kwii, kaa akatupwa kwa ajili ya miguu. Pikipiki ilitupwa kabla haijaanza. Kidawa alimlilia twiga wake, akaomba maji yapunguziwe moto. Mwanahawa akaongeza kuni. Mwisho wakabaki mbwa, upanga, ua na kofia, basi.

Mchoraji wa ubao akawa Mbaruku, kaka yake Mwanahawa, shemeji yake Kidawa, fundi wa mabango. Huyu naye mjueni. Kila kinyozi wa mji ule alichorewa na Mbaruku kichwa ambacho hajazaliwa kinyozi wa kukinyoa. Watu waliingia wakionyesha kidole bangoni, wakatoka na vipara.

"Shemeji," Kidawa akamwambia, "chora haya manne, basi."

"Nimekusikia, shemeji."

Amesikia kweli. Akachora mbwa, akachora upanga, akachora ua, akachora kofia, yote chini. Juu ikabaki nafasi wazi. Mchoraji na nafasi wazi, mnategemea nini? Akakumbuka harusi ya mpwa wao, siku Kidawa alipomsokota tausi, kazi iliyoanza wanawake wakichambua mchele na kumalizika pilau ikipakuliwa. Akachovya brashi. Tausi akatokea, mkia umefunguka, bluu na kijani, macho ya mkiani yanakutazama kama yanakudai salamu.

Ubao ukaletwa asubuhi ya Idi yenyewe, rangi bado mbichi. Kidawa akamwona tausi, damu ikampanda.

"Shemeji! Huyu nani?"

"Huyu ni wewe, shemeji. Siku uliyowafunga watu midomo."

Na hapa lazima nisimfiche Kidawa wetu. Alikasirika, ndiyo. Lakini alimtazama yule tausi mara ya pili, mdomo ukamcheza, akasema, "Haya, mwache." Ungekuwa wewe ungemfuta?

Lango likafunguliwa, Kidawa yuko nje ya banda, juani kama kawaida. Mtoto wa kwanza akanyoosha kidole: tausi. Wa pili: tausi. Wa tatu alimtazama mbwa, akautazama upanga, Kidawa akamwomba Mungu kimoyomoyo, mtoto akasema, "Tausi."

Kidawa akaanza. Kwii, kwii, kwii. Kichwa. Kwii, kwii, kwii. Kifua. Foleni ikafika kwenye lango. Kwii, kwii, kwii. Mkia, nalo jua limeshapata joto, pwaa! Aanze tena. Foleni ikatoka langoni ikashika barabara.

"Mmechora ya nini kama hamwezi?" mama mmoja akapiga kelele.

"Ninaweza!"

"Unaweza lini? Idi ya mwakani?"

"Mapambo tu hayo! Wanatufanya wajinga na watoto wetu!"

 Ati hawezi! Yeye! Akamtafuta shemeji yake kwa macho. Mbaruku amesimama kando ya ubao, mikono nyuma, anapokea sifa. "Ubao mzuri," watu wanamwambia. "Mashallah, mkono huo." Wanaotukana wako kwa Kidawa, wanaosifu wako kwa Mbaruku, na kati yao hakuna hata hatua kubwa ya mtu mzima. Kidawa akataka kulichukua puto amvishe shingoni.

Kule upande wa pili filimbi ya Bi Siwazuri ikaanza kulia. Banda linaondoka hilo.

Ndipo Mwanahawa alipotokea, mwiko bado mkononi. Hakuuliza. Akavua kanga yake ya mabegani, akaitupa juu ya ubao, tausi akapotea. Yakabaki yale manne ya chini.

"Tausi ameisha!" akanguruma. "Kuna mbwa, upanga, ua na kofia! Asiyetaka aende bembeani!"

 Neno "ameisha" kila mtu analijua, amelizoea kwenye chakula. Mtoto wa mbele akasema mbwa. Kwii, kwii, kwii, mbwa huyo. Upanga. Kwii, kwii, kwii, upanga huo. Foleni ikatembea, lango likapumua.

Akafika mtoto wa kike, Riziki, na bibi yake. Kidawa akamwambia, "Chagua, mwanangu." Mtoto kimya. "Mbwa? Ua?" Kimya.

"Hasemi," bibi yake akajibu. "Mungu hakumpa sauti. Idi iliyopita tulisimama hapa, ukamuuliza anataka nini, akashindwa kukwambia, wenye midomo wakatupita. Tukarudi nyumbani mikono mitupu."

Kidawa akaona aibu mpaka masikioni. Riziki akasogea, akainua pindo la kanga, akaweka kidole kifuani mwa tausi.

"Ameisha!" Mwanahawa akasema.

"Wifi, huyu alikuwa kwenye foleni kabla hajaisha."

"Ukimpa mmoja watataka wote!"

"Mteja aliyeagiza kabla hujafuta, unamfukuza?"

"Wifi, banda! Lile banda unalitaka au hulitaka?"

 Kidawa alikuwa amewachoka wote wawili, mwenye kuongeza na mwenye kufuta, kila mmoja anaiamuru mikono ambayo si yake. Akachukua mapanga aliyokwisha kusokota, akayapindua kuwa mkia. Akachukua ua, likawa kifua. Shingo ya mbwa mmoja ikageuka kichwa. Kwii, kwii, kwii. Kikombe cha maji kisingepata nafasi ya kuchemka. Tausi! Hakuwa wa ubaoni wala wa harusini, alikuwa mpya, hajawahi kuwapo mahali popote duniani.

Riziki akamchukua kwa mikono miwili, akatembea naye kiwanja kizima. Watu wakashuka kwenye mabembea. Wakaja, na Mwanahawa akawapanga mstari mmoja pembeni ya lango, kanga iko juu, tausi ameisha, chagueni vya chini. Wakachagua. Mpaka adhuhuri lango halikuzibwa hata na mbuzi.

Bi Siwazuri akaja na ngazi na kopo la rangi. Akapuliza filimbi. "Nimeridhika! Banda mmelipata. Lakini nimewaona watatu, niandike jina la nani?"

Hapo sasa.

"La Kidawa!" akasema Kidawa. "Yule mtoto ameondoka na nini mkononi? Ubao? Kanga? Miaka yote nimekaa juani natukanwa, hakuna hata mmoja wa hawa aliyetukanwa badala yangu. Shemeji alinichorea balaa, wifi akataka mtoto afukuzwe. Aliyesokota ni nani?"

"La Mbaruku!" akasema Mbaruku. "Mtoto hana sauti. Angeagiza kwa kitu gani kama si kwa picha yangu? Mlikuwa mnawauliza wenye midomo tu! Na huyo tausi wenu wa mapanga na ua mngemfikiria lini kama sikumchora? Mlitaka mbwa na kofia mpaka kiama. Mimi nimewafungulia macho, leo nimekuwa balaa!"

"Nyie wote hamna haya!" akasema Mwanahawa. "Mwenyekiti ametoa banda kwa ajili ya nini? Kwa uzuri? Kwa tausi? Ametoa kwa foleni. Foleni ni yangu. Menyu nimeisema mimi, maji nimechemsha mimi, kanga nimevua mimi nikabaki mabega wazi mbele za watu, sikukuu yote hii, na maharage yangu yameungua sokoni. Wewe Mbaruku uliambiwa manne, ukachora matano. Na wewe wifi, ulipomwona tausi asubuhi ulifanya nini? Si nimeambiwa ulisema aachwe? Meno yote nje!"

"Nilisema aachwe, na nikaweza kumsokota!"

"Uliweza baada ya mimi kukupa nafasi ya kupumua!"

"Mwacheni tausi wangu!" Mbaruku akadakia.

"Wako? Msokote basi tuone!" Kidawa akamrukia.

"Na wewe mchore basi tuone!"

Bibi yake Riziki akataka kusema neno, akaona ni mambo ya mawifi na mashemeji, akafunga mdomo. Watu waliozunguka wakagawanyika. Wengine kwa Kidawa, wengine kwa Mbaruku, na wenye njaa wote kwa Mwanahawa. Bi Siwazuri amepanda ngazi, brashi imeshachovywa, rangi inadondoka kwenye kidole cha mguu wake, anapuliza filimbi na hakuna anayesikia.

Kidawa amesimama chini ya ngazi, mikono imemvimba, jua liko utosini. Shemeji yake ameshika ubao. Wifi yake ameshika kanga. Kila mmoja anasema, "Bila mimi." Na ajabu ni kwamba hakuna anayesema uongo.

Haya, na ninyi mnaotafuna karanga mkijifanya hamkusikia, jibuni kabla rangi haijakauka: mwenye mikono, mwenye picha, na mwenye kujua cha kuficha, ni nani kati yao anastahili jina lake liandikwe mlangoni?