Mafundo ya Laurian

Mtu aliyezoea kufungua mlango mmoja hudhani ufunguo wake utaingia kila tundu la kijiji. Wazee wetu waliliona kosa hilo zamani, wakatuachia methali. Laurian wa Iramba aliijua methali yenyewe vizuri sana. Ubaya ni kwamba aliamini inawahusu wengine.

Enzi za Mwingereza, Laurian alikuwa na punda wa mizigo. Alipeleka mtama kwa wachimbaji dhahabu wa Sekenke, akashuka miteremko ya mawe bila kumwaga hata punje. "Mzigo usiofungwa ni mzigo wa mjinga," alipenda kusema, na kwa upande wa punda alisema kweli tupu.

Mwaka mmoja wa mvua nyingi, habari zilifika kwamba mama mkwe wake yu mahututi ng'ambo ya Ziwa Kitangiri. Njia ya kuzunguka ilikuwa imefunikwa na maji. Mkewe, Anastazia, alilia hadi kaka yake Gasto, aliyekuwa mvuvi, akakubali kuwavusha kwa mtumbwi. Wangelala dagoni, kambi ya wavuvi iliyo nusu ya safari, kisha waendelee asubuhi.

Walipakia unga, chungu, mikeka, ngozi za kulalia na gunia la mtama la kumpelekea mgonjwa. Laurian akatoa kamba zake za ngozi.

"Shemeji, usifunge," Gasto alimwambia. "Majini mzigo hulazwa tu. Tukizidiwa, tunautupa."

"Nitupe mtama wangu? Wewe jua samaki, mizigo niachie mimi."

Gasto alipokwenda kuchukua makasia, Laurian alifunga kila kitu, akapitisha kamba kwenye ubao wa kukalia, akakaza kwa goti, kisha akafunika kwa mkeka. Anastazia alimwona. Alitaka kumwambia kaka yake, lakini aliogopa kumwaibisha mumewe, akanyamaza.

Alasiri upepo ulivuma ghafla. Mawimbi yakainuka, maji yakaanza kuingia mtumbwini. Anastazia hakujua kuogelea. Alishika ukingo kwa mikono miwili.

"Tupa mzigo!" Gasto alipiga kelele.

Laurian aliufunua mkeka. Kamba zilikuwa zimelowa na kuvimba, na mafundo yamekuwa magumu kama mawe. Alivuta, akang'ata, kucha zikakatika.

"Ulifunga? Kata basi! Kisu kiko wapi?"

"Kimo ndani ya mzigo," Laurian alijibu, na sauti yake mwenyewe ikamtisha.

Wimbi likawapiga ubavuni, mtumbwi ukapinduka. Gasto alimkamata dada yake, akampandisha juu ya tumbo la mtumbwi. Laurian alijishikiza upande wa pili. Gunia lilining'inia chini, likiwavuta wazame kidogo kidogo.

"Mshike dada," Gasto alisema akihema. "Nikiufungua mzigo tutaelea."

Alipiga mbizi mara ya kwanza, akaibuka akitikisa kichwa. Mara ya pili aliibuka akikohoa. Mara ya tatu walihisi mtumbwi ukitikiswa kutoka chini kwa nguvu, kisha ukatulia.

"Gasto!" Anastazia aliita. "Gasto, kaka yangu!"

Hakuna aliyeitika. Laurian alimshika mkewe kama alivyoagizwa, akilia bila haya, akiogopa kutazama majini.

Wavuvi wa dagoni waliwafikia kabla mtumbwi haujazama. Waliuvuta hadi ufukweni, wakaupindua. Gasto alikuwa chini yake, amekufa, mkono wake umenasa katika kamba. Mzigo haukuwa umesogea hata kidole kimoja.

Mvuvi mmoja, asiyejua lolote, aliinama akayapapasa yale mafundo. "Aliyefunga hapa," alisema, "ni fundi kwelikweli."

Anastazia alimgeukia mumewe, akamtazama. Kila mlango kwa ufunguo wake.